Baluku Aandikwe Wapi

Jumatatu, 3 Machi

Simu tena. Nimepiga tangu asubuhi mpaka sikio linauma. Namba nyingi hazipatikani. Vijana wetu wanabadilisha laini ovyo, na wengine wamevuka mpaka hapa Bwera kurudi Kongo. Mmoja alipokea, akasikia jina la chuo chetu cha ufundi, akakata.

Kazi yangu ndiyo hii. Kujua kila tuliyemfundisha yuko wapi sasa na anafanya nini. Wafadhili wana jedwali lao kwenye kompyuta. Safu nne. Ameajiriwa. Amejiajiri. Yuko masomoni. Hana kazi. Hakuna safu ya mtu asiyejulikana aliko. Hakuna safu ya anayepata kibarua siku mbili kisha anakaa mwezi mzima.

Mzee Bwambale, mkuu wa chuo, anataka jedwali lijae kabla mwezi haujaisha. Ruzuku ya darasa la umeme itaamuliwa kwa hilo. Wahitimu wakiwa na kazi, ruzuku inakuja. Wasipokuwa nayo, haiji.

Kahindo, mdogo wangu, yuko darasa hilo. Msichana pekee. Amerudi jioni na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Tumekula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo huohuo. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda sokoni Mpondwe. Bora kuwafuata kwa miguu. Nimempata Biira, aliyemaliza ushonaji. Ana cherehani kwenye baraza ya duka la shangazi yake, na rundo la sare za shule zinamngoja. Alinikalisha, akanipima kiuno bila kuniuliza, akasema nimekonda. Nimemwandika kwa furaha. Amejiajiri. Siku nzima nilitembea na furaha hiyo.

Kisha nikampata kijana aitwaye Kule, wa uchomeleaji. Anaendesha boda. Pikipiki si yake. Niliporudi nikamuuliza Mzee nimweke wapi. "Amejiajiri," akasema, bila kuinua macho. Nikaandika. Si uongo kabisa. Ila haikunikaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Leo karakana, kukagua vifaa. Wafadhili wanataka na hilo. Ubao wa mazoezi uko ukutani, mzuri sana, una swichi na soketi na mita, nyaya zimenyooka kama zimepigwa pasi. Hauna umeme. Radi ilipiga transfoma mwaka jana, na tangu hapo upande wote wa karakana ni giza. Ofisini tuna sola ndogo ya kompyuta na simu, basi.

Mwalimu Thembo anafundisha kwa chaki. Testa iliyokuwepo, bisibisi ya kupima kama waya una umeme, iliibiwa pamoja na koleo. Kwa hiyo anaichora. Anachora bisibisi, anachora taa yake ndogo ndani, anaipaka chaki nyekundu kuonyesha inawaka. Wanafunzi wanakopi. Kahindo ana mchoro huo ukutani kwetu, ameuchora mgongoni mwa kalenda ya zamani.

Ruzuku mpya ndiyo ingeleta laini ya umeme na vifaa. Lakini wenye ruzuku wanataka kwanza kuona kwamba waliofundishwa bila laini wala vifaa wamefanikiwa. Nimeliwaza hili njia nzima. Linachosha kuliko kutembea.

Jumanne, 11 Machi

Baluku hapatikani. Alikuwa wa kwanza darasani kwake. Kijana wa Maliba, mrefu, mpole, aliyesalimia hata wapishi kwa majina. Nilimwacha wa mwisho kwenye simu zangu kwa sababu nilikuwa na hakika naye.

Leo mama mmoja wa huko, anayeleta ndizi Bwera, ameniambia kijana aliumia. Nikauliza aliumia namna gani. Akasema, "Wende umuone." Hakutaka kusema zaidi. Kesho nakwenda. Roho haijatulia.

Jumatano, 12 Machi

Teksi ya kwanza, basi dogo la abiria, mpaka Kasese, kisha nyingine, kisha boda kupanda Maliba. Mvua imeanza, njia ni utelezi mtupu. Mara mbili niliteremka nikatembea.

Mama yake alikuwa anageuza kahawa juu ya turubai, anaiwahi kabla mvua nyingine haijashuka. Tuliongea, mimi Kinande changu, yeye Lhukonzo chake. Ni kama lugha moja. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinitazama, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na mwanawe.

Baluku alivaa koti la marehemu baba yake. Mkono wa kulia wa koti umekunjwa na kufungwa kwa pini. Ndani yake hakuna kitu kuanzia juu ya kiwiko. Shavuni ana ngozi mpya inayong'aa. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na karatasi zangu mapajani, nikataka kuzikalia zisionekane.

Alinieleza mwenyewe, taratibu, kama anayejibu mtihani. Mashine ya kusaga mahindi, Muhokya. Mota ilikuwa inakatakata. Alizima swichi kubwa. Hakujua kuna laini ya pili inayoingia kwa nyuma. Akashika.

"Hukupima kwanza?" nikauliza. Swali baya. Nilijua ni baya likiwa bado mdomoni.

"Ningepima na nini, Madamu? Testa niliijua kwa mchoro."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilipoinuka kuondoka akauliza nimekuja kuandika nini. Nikamweleza zile safu. Alifikiri kidogo.

"Andika niko na kazi."

"Baluku."

"Nilikuwa na kazi, Madamu. Nilifanya vizuri mpaka ile siku. Ukishuka hapo chini, nyumba ile iko na bati mpya, mimi niliweka taa yake. Na ya jirani. Na ya kanisa. Inawaka mpaka leo. Andika hiyo."

Nikasema nitafikiri. Mama yake alinifungia ndizi kwenye jani, sikuweza kukataa. Nikashuka. Nyumba ya bati jipya nikaiona. Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka mchana, wamesahau kuizima.

Alhamisi, 13 Machi

Kahindo aliniuliza kama nimempata Baluku. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ana kazi. Nikasema naumwa kichwa. Ni kweli, kinaniuma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita Muhokya. Nilitaka kumchukia mwenye mashine. Sikuweza. Mtu mnene, mwenye unga mpaka masikioni, alinipa kiti, akaniambia yeye ndiye aliyempakia Baluku kwenye pikipiki mpaka hospitali, amemshika kifuani njia nzima. Alikwenda kumtazama huko mpaka alipotoka.

"Mimi nitajuaje?" akaniuliza. "Aliniambia iko fundi. Alinionyesha cheti. Cheti ni ya chuo yenu, na muhuri yenu."

Nikamuuliza nani anamtengenezea sasa. Akanionyesha mzee mmoja aliyekuwa amechuchumaa kwenye mota. "Huyu hana cheti. Lakini huyu anaogopa." Akasema anayeogopa ndiye anayemfaa.

Nimerudi na muhuri huo kichwani. Ni mimi ninayepeleka vyeti kupigwa muhuri. Navipanga, navipuliza wino ukauke. Kila mwaka naifurahia siku hiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Bwambale. Ningependa kuandika hapa kwamba ni mtu mbaya. Siyo. Alianzisha chuo hiki kwenye ukumbi wa parokia na cherehani mbili za mkopo. Tulipofika kutoka Butembo, huko Kongo, mimi na Kahindo na masanduku, nikiwa na diploma yangu ya Kifaransa ambayo hapa hakuna aliyeitaka, yeye ndiye aliyesema kuna meza ofisini, nikae. Kahindo alikuwa bado mdogo. Alikuwa analala chini ya meza hiyo nikichapa.

Nilimwambia yote. Mkono, mashine, testa ya mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Madamu Kavira," akasema, "huyu kijana aliumia wapi?"

"Kazini."

"Sasa mutu anaumia kazini namna gani, kama hana kazi?"

Akaendelea, kwa sauti ya chini. Jedwali linauliza kama mhitimu alipata kazi ndani ya mwaka. Baluku alipata ndani ya mwaka. Hatudanganyi. Na darasa la umeme liko ukingoni, mmoja huyu ndiye anayeweza kulivusha au kuliangusha. Na tukipata ruzuku, laini inarudi, vifaa vinakuja, hakuna kijana mwingine atakayeumia hivyo. Nisimpime Baluku peke yake. Niwapime na hawa walioko darasani leo.

"Na mkono, Mzee?"

"Mukono haina safu."

Kisha akafunika uso kwa viganja vyake viwili na akakaa hivyo. Nikatoka, nikafunga mlango polepole. Namchukia na namhurumia. Hoja yake ni nzuri. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Ijumaa, 21 Machi

Sikuandika mstari wa Baluku. Nilikwenda kantini kunywa chai. Nikarudi, umeandikwa. Ameajiriwa. Sekta: umeme. Jedwali limetumwa.

Sikusema kitu. Kahindo ana mtihani wa taifa mwaka huu. Baluku mwenyewe aliomba iwe hivyo. Mzee ameamua. Watu watatu wanataka neno moja, mimi ni nani. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatano, 26 Machi

Mwakilishi wa wafadhili anakuja kesho kukagua. Chuo chote kinafagiliwa. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Mlinzi wetu, aliyewahi kuwa jeshini, anawapigia kelele wanafunzi wa uchomeleaji wapange mstari, wao wanamwitikia "Ndiyo, afande" na kucheka.

Alasiri pikapu imeleta jenereta. Imekodiwa kwa siku moja. Wameiweka nyuma ya karakana, mbali, isisikike sana, na waya mrefu unapita chini ya dirisha.

Kahindo amechaguliwa kuwasha ubao mbele ya mgeni. Ameosha ovaroli yake, ameianika, ameiangalia mara kadhaa kama imekauka. Ananiambia hatua zote kwa mpangilio: swichi kuu, fyuzi, saketi ya taa, saketi ya soketi. Anazijua zote. Hajawahi kuona hata moja ikifanya kazi.

Nimemwambia atafanya vizuri. Siku nyingi sijamwona akicheka hivi.

Alhamisi, 27 Machi

Nataka kuandika haya kabla sijayabadilisha kichwani.

Mgeni anaitwa Bi. Naliaka. Mkenya, mtu mzima, viatu vya chini, anazungumza Kiswahili kilichonyooka. Nilimpenda. Alikagua ushonaji, akagusa mishono. Alikagua uchomeleaji. Kisha umeme.

Kahindo alisimama mbele ya ubao. Akainua swichi kuu. Akabonyeza. Taa zikawaka, safu ya juu, kisha ya chini. Darasa zima likapumua pamoja. Mwalimu Thembo aligeuka dirishani, na nikaona anajifuta macho. Kahindo alikuwa anatazama zile taa, mdomo wazi. Uso wake sitausahau. Miaka hii yote nimemlea, sijawahi kumpa kitu kilichomfanya awe na uso ule.

Wakapiga makofi. Bi. Naliaka naye akapiga. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Mnafanya mazoezi kwenye ubao huu mara ngapi kwa wiki?"

Mzee akasema, "Wanafanya. Wanafanya vizuri."

Bi. Naliaka akamtazama Mwalimu Thembo. Thembo akatazama viatu vyake. Kisha mgeni akanigeukia mimi, kwa kuwa takwimu ni zangu, jina langu liko chini ya ripoti. "Madamu Kavira?"

Ningeweza kusema mara mbili. Mara tatu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Kichwani nikamwona mama yake Baluku anageuza kahawa.

"Leo ni mara ya kwanza," nikasema.

Jenereta ikasikika wazi, huko nyuma. Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeweza kuanza tena. Nikasema kuhusu radi na transfoma. Nikasema testa wanaichora. Nikasema Baluku, aliyeandikwa ameajiriwa, amekaa kwao Maliba bila mkono wa kulia. Baadhi ya wanafunzi walimjua. Msichana mmoja wa ushonaji aliyekuwa mlangoni alisema "Yesu" kwa sauti ndogo.

Kahindo bado alikuwa ameshika swichi. Hakunitazama. Aliishusha, taa zikazima, akaenda kusimama na wenzake.

Mgeni alipokuwa anaingia garini aliniita pembeni. "Umenisaidia," akasema. "Sijui kama mmejisaidia." Hakusema kwa ubaya.

Mzee alikaa ofisini mpaka watu wote walipoondoka. Sikuingia.

Ijumaa, 28 Machi

Kahindo haongei nami. Ameweka chakula mezani, amekwenda kula nje kwenye ngazi. Mzee naye anapita kama mimi ni ukuta. Mwalimu Thembo alinisalimia kwa mikono miwili, akashika muda mrefu, akasema, "Mimi nilipaswa kusema."

Najuta na sijuti.

Jumapili, 30 Machi

Misa. Nilikaa nyuma. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko darasa la umeme alinipita bila kuitikia salamu. Zamani alikuwa ananiletea maharage. Padri alihubiri vizuri lakini sikusikia, nilikuwa nahesabu nyuso za watu, nani anajua, nani hajui. Wote wanajua.

Jumanne, 15 Aprili

Jibu limekuja. Darasa la umeme limesimamishwa. Fedha zake zinahamishiwa chuo kingine, cha mjini, chenye matokeo mazuri. Madarasa ya ushonaji na uchomeleaji yataendelea kwa sasa. Wahitimu watafuatiliwa kwa simu kutoka Kampala, kwa hiyo nafasi yangu haipo tena. Naondoka mwisho wa mwezi.

Bi. Naliaka alinipigia mwenyewe. Alisema aliomba laini na vifaa viletwe kwanza, kisha watupime. Wakubwa wake wakasema wao hawafadhili chuo kilichomjeruhi mtu, wanafadhili kinachofanya kazi. "Nilipigana nao," akasema.

"Najua, dada."

"Hujui. Lakini asante kwa kusema hivyo."

Hicho chuo cha mjini, nilimuuliza, wanafunzi wake wanapima kwa kifaa gani? Akasema takwimu zao zimekamilika, hakuna aliyeuliza zaidi.

Mzee aliwakusanya wanafunzi wa darasa la umeme uani. Aliwaambia wasimame wima, kama wanajeshi, nadhani ili yeye mwenyewe asianguke. Aliwaambia hawatafanya mtihani. Hakunitaja. Angeweza kunitaja. Kisha akampa kila mmoja mkono, mpaka wa mwisho, na mwisho huo alikuwa Kahindo. Alimshika kichwa kama alivyokuwa anafanya Kahindo akiwa mdogo.

Nyumbani, Kahindo alibandua michoro yake yote ukutani, akaikunja, akaiweka chini ya kuni. Hakulia. Mimi nililia, huko nyuma, kwenye bomba la jirani, maji yakiwa yanatoka kwa sauti kubwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baluku alipiga simu, kwa namba ya mama yake. Alinitakia heri ya sikukuu kwanza. Kisha:

"Madamu, nasikia umeme imefungwa."

"Ndiyo."

"Uliniandika wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba karatasi ilisema ameajiriwa, na kwamba mimi nilisimama mbele ya watu nikasema hapana.

Kuku walikuwa wanalia upande wake.

"Nilikuomba," akasema.

"Uliniomba."

"Sasa watasema ni Baluku alifunga chuo. Hapa Maliba wako wawili walikuwa wanasoma. Tunaonana nao kwa njia kila siku."

Nikasema si kosa lake. Nikasema ni langu, waseme ni mimi, awaambie ni yule mama Mkongo. Akasema hapana, hatasema hivyo. Kisha akasema mama yake ananisalimu. Simu ikakatika, sijui kama alikata au salio liliisha.

Nilikuwa nimepika wali na nyama. Tulikula wawili bila kuongea. Nilidhani ukweli ukishasemwa mtu hupata nafuu. Sijapata.

Jumatatu, 28 Aprili

Kahindo anaondoka. Amepata fundi mmoja Kasese anayefunga umeme kwenye maduka na nyumba za kupanga. Hana cheti, hana leseni, ana ngazi na pikipiki. Anachukua vijana wa kumbebea waya na kupanda darini. Atalala kwa binti wa parokia anayefanya kazi salooni.

Nilimkataza. Nilisema maneno mengi. Nilimwambia mkono wa Baluku ulivyokunjwa, nilimwambia pini. Alisikiliza huku anafunga begi.

"Yaya," akasema. Ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, na hakuwa ameniita hivyo tangu siku ya mgeni. "Ulisema ukweli. Mimi sikukuzuia. Sasa na mimi niache nifanye kazi."

"Utajifunza kwa nani? Huyo hajui."

"Na chuo je, kulikuwa na nani anajua?"

Nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa, nikamnunulia testa. Ya kweli, ya plastiki ya njano, yenye taa ndani. Na glavu nene. Nilimpa pale stendi. Aliijaribu kwenye kiganja chake, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni. Hakusema asante. Akapanda.

Nimekuta kitanda chake kimetandikwa. Nyumba ni kubwa ghafla.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekabidhi funguo za ofisi. Mzee alinipa barua ya kunisifu, ameiandika vizuri, kwa mkono wake. Nimeshindwa kumwangalia. Alinisindikiza mpaka getini. Alisema ataendelea kutafuta wafadhili wengine wa umeme. Amezeeka sana tangu Machi. Nilimwambia Mungu amsaidie, na nilimaanisha.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda Kasese kumwona Kahindo. Sikumwambia nakuja. Nilimkuta nje ya duka jipya karibu na stendi, amekaa kwenye rola ya waya, anakula chapati. Jumapili, na bado wapo kazini. Amekonda. Nywele amezikata. Kidole gumba cha kulia kina alama nyeusi, ndogo, kama ya moto wa sigara. Niliiona, na aliona nimeiona. Sikuuliza.

Alinisogezea nusu ya chapati. Tukala. Mvua ikaanza, tukahamia kwenye benchi ya kibanda cha chai. Fundi wake alipita akanisalimia kwa heshima, akaniita mama, akasema binti yangu ana akili sana. Sikumsahihisha.

Kahindo aliniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia natafsiri barua za watu pale mpakani, wanaovuka, siku za soko. Akasema ni vizuri. Akauliza kama paa bado linavuja. Bado. Akasema atakuja kuliangalia siku akipata nafasi.

Kichwa chake kikaanza kuinama, kikainuka, kikainama tena. Alilala begani kwangu, kwa uzito wote, kama anavyolala mtu aliyeamka alfajiri siku nyingi mfululizo. Mkono wake ulikuwa umefunguka mapajani.

Mvua ilikatika. Kondakta wa teksi ya Bwera aliita abiria, akanionyesha kwa kidole kwamba imebaki nafasi moja. Nikamtikisia kichwa. Ikaondoka. Nikasubiri inayofuata.